Nywele za Wiki Tatu

Tarehe tisa Machi mwaka wa 1947 nilimpoteza mume wangu, na kwa kumpoteza yeye nikapoteza mahali pa kulima. Haya mawili nayaandika pamoja kwa sababu ndivyo yalivyokuja.

Tulikuwa tukikaa katika shamba la mzungu mmoja upande wa mahali paitwapo Kwanza, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Kitale. Mume wangu alikuwa mwendesha maksai. Mvua za kwanza zilimkuta nyuma ya plau, akanyeshewa siku mbili, ya tatu akaanza kukohoa, na kichomi kikamchukua kabla wiki haijaisha. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nikimkumbuka, namwona amekaa mlangoni akisokota kamba ya katani, mguu mmoja ameunyoosha, ncha ya kamba ameishika kwa kidole gumba cha mguu.

Wajukuu huniuliza kwa nini hatukubaki palepale. Huwa nawaeleza hivi. Mtu mweusi hakukaa katika mashamba ya Kitale kwa sababu alizaliwa pale au kwa sababu alipapenda. Alikaa kwa mkataba. Karatasi ile ilisema mwanamume fulani atafanya kazi siku kadhaa kila mwaka, na kwa hizo ataruhusiwa kujenga nyumba, kufuga ng'ombe wasiozidi idadi fulani, na kulima sehemu yake. Tuliitwa maskwota. Mke na watoto walikuwa ndani ya mkataba kama sufuria zilivyo ndani ya nyumba. Nyumba ikianguka, sufuria zinatolewa nje.

Tulimzika ng'ambo ya zizi, mahali alipotuonyesha mwenye shamba. Siku ya tatu jirani yangu, mwanamke wa Kiteso aliyekuwa amekaa nami miaka mingi, alichemsha maji, akachukua wembe na sabuni, akaninyoa mimi na wanangu watatu nyuma ya nyumba. Kwao na kwetu desturi hii inafanana: siku ya tatu mjane na watoto hunyolewa. Nilishukuru. Nilidhani nimefanya kama inavyotakiwa. Lile ndilo kosa langu, nitalifikia.

Siku ya nne alikuja nyapara. Alivua kofia, akasimama.

“Pole sana, mama. Bwana anasema mwisho wa mwezi.”

“Na mahindi yangu? Si nimeshalima?”

“Umelima udongo wa mwenyewe.” Nadhani alijisikia vibaya, kwa sababu aliketi chini bila kuombwa. “Hata angekuwa hai, mama, mngemaliza mwaka huu tu. Umeona trekta? Hiyo moja inashinda maksai wote wa marehemu. Mimi mwenyewe sijui Krismasi itanikuta wapi.”

Alisema kweli. Tangu vita viishe, wazungu walikuwa wakileta trekta na kupunguza watu. Kila mkataba mpya ulikuja na ng'ombe wachache zaidi na sehemu ndogo zaidi. Hapo mwanzo walituhitaji sana, hata makarani wao walikuwa wakizunguka vijijini kwetu wakitafuta mikono. Sasa mikono ilikuwa mingi, na barabara ya kutoka Kitale kwenda Kimilili ilijaa watu na mikeka yao kichwani.

Nilikuwa na mahali pawili pa kufikiria. Kwetu ni Bungoma, karibu na kituo cha reli. Baba yangu alikuwa akipakia magunia kwenye mabehewa, na kwa kazi hiyo aliweza kunisomesha misheni miaka mitatu, ndiyo maana naandika haya mwenyewe. Ndugu zangu wangenipokea mimi. Lakini nilikuwa na wana wawili wa kiume, na mtoto wa kiume hapewi shamba kwa wajomba. Wangekua kama wageni, na siku moja mtu angewaambia hivyo.

Mahali pa pili ni Chwele, alikokulia mume wangu. Hapo napo palikuwa na jambo lake. Baba mkwe wangu hakuwa mtu wa Chwele. Alitoka ng'ambo ya mto Lwakhakha, upande wa Uganda, akiwa na mke, jembe, na mtoto mchanga mgongoni mwa mke. Siku hizo, alivyokuwa akisema mume wangu, mto ulikuwa mto, watu waliuvuka kwenda kuomba moto. Hakuna aliyewaambia kwamba huku ni nchi na kule ni nchi. Ukoo mmoja wa Chwele ukampa mahali pa kulima. Mtu wa namna hiyo kwetu huitwa mumenya, yaani anayekaa katika ardhi ya ukoo usio wake kwa wema wa wenyewe. Aliishi hapo, akafa hapo, akazikwa hapo. Mtoto yule wa mgongoni ndiye aliyekuja kunioa.

Alipofika umri wa kodi, alienda Kitale kama vijana wote wa wakati wake. Alipoandikishiwa kipande, ile karatasi ya kufungwa shingoni ndani ya kikopo cha bati, karani alimuuliza alizaliwa wapi. Akasema Uganda. Wenzake walimcheka njia nzima. “Si ungesema Chwele tu, bana? Nani angejua?” Aliwajibu kwamba ameulizwa alikozaliwa, hakuulizwa anakokaa.

Tuliondoka tarehe ishirini na nane. Ng'ombe wetu mmoja nilimwachia yule jirani, kwa sababu kila mtu alijua kwamba ng'ombe wa mashamba hawaruhusiwi kuvuka kuingia upande wetu. Ati magonjwa. Sikumwona tena. Nilibeba debe la mbegu ya mahindi meupe tuliyoyachagua wenyewe kutoka sehemu yetu, na kamba ya mume wangu. Ilikuwa kamba ndefu ya katani yenye fundo kila baada ya hatua moja fupi. Mnaivuta shambani, mmoja huku na mmoja kule, mnachimba shimo kwenye kila fundo, kisha mnaisogeza. Hivyo ndivyo tulivyopanda Kitale, kwa mistari. Kikopo cha kipande nilikitia shingoni mwangu.

Kwenye daraja la Kamukuywa tulikuta askari wawili, na pembeni familia nzima imekaa chini na ng'ombe wanne, wanasubiri wasichokijua. Askari mmoja alinifungulia kikopo, akasoma kwa kidole.

“Huyu yuko wapi?”

“Amekufa.”

“Sasa unavaa kipande cha maiti?”

“Sina kingine cha kuonyesha.”

Mwenzake akamwambia, “Wachana naye. Wanawake hawana kipande, hao tu ndio Mungu aliwasahau vizuri.” Wakacheka, nami nikacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Tukapita. Wale wa ng'ombe tuliwaacha pale.

Tulilala Kimilili kwa mtu tuliyemfahamu kanisani, mwanangu mdogo akashikwa na homa, tukakaa siku mbili zaidi. Tulifika Chwele tarehe mbili Aprili.

Lazima niseme Chwele niliyoikumbuka ilikuwaje. Nilikaa huko miezi michache nilipoolewa, miaka ya thelathini. Ukipita njiani ulikuwa ukisalimu wanawake, wazee na watoto tu. Wanaume walikuwa Kitale, au kwenye reli, au kwenye mashamba ya chai. Ukipiga yowe la nyoka wanakuja wanawake na mikongojo. Vichaka vilikuwa vimesogea mpaka nyuma ya jikoni, na nyani walichuma mahindi mchana kweupe kwa sababu walijua hakuna wa kuwakimbiza. Mama mwenye boma tulimokaa, mke wa mzee aliyempa baba mkwe wangu mahali, alikuwa akishika plau mwenyewe, binti yake akiongoza maksai mbele. Kila mtu alimwita kukhu, yaani bibi, hata waliomzidi umri.

Mwaka huo wa 1947 nilikuta soko limejaa. Wanaume walikuwa wamerudi, wengine na wake waliowaoa hukohuko mashambani, na watoto wasiojua Lubukusu, lugha yetu, vizuri. Kulikuwa na fundi wa cherehani, mtengeneza baiskeli, mtu wa kuchoma matofali, wote wamejifunzia Kitale. Na kila mahali palikuwa na ugomvi wa mipaka. Mtu analala, asubuhi anakuta ua wa jirani umesogea.

Kukhu alikuwa hai, amekonda, anavuta kiko chake jikoni. Alinipokea kwa mikono miwili, akawalisha watoto, halafu akanitazama kichwa.

“Nani alikunyoa?”

Nikamweleza.

“Mteso?”

“Ndiye jirani niliyekuwa naye, kukhu.”

“Sisemi ni mbaya. Nasema si wa upande wa mume.” Akagonga kiko kwenye jiwe. “Umefunga mlango, mwanangu, na wewe uko nje.”

Nilielewa mara moja, na nikashangaa kwamba sikufikiri mapema. Kwetu siku ya kunyoa si nywele tu. Watu wa upande wa marehemu wakishamnyoa mjane, wanaketi, na hapo ndipo kinapozungumzwa alichoacha: shamba lake, watoto wake, nani atawaangalia. Bila kunyoa hakuna kikao. Nami nilikuwa nimenyolewa kule Kwanza, na mwanamke mwenye huruma ambaye hakuwa na shamba la kuzungumzia.

Na mvua ilikuwa imeshanyesha. Mahindi ya jirani yalikuwa yameanza kutoa ncha. Nilihesabu kwamba kama sijapanda kabla ya katikati ya Aprili, wanangu hawatakuwa na chakula mpaka mwaka mwingine.

Asubuhi yake nilikwenda kwa chifu, kwa sababu amri ilikuwa kwamba kila anayerudi kutoka mashambani aandikwe. Karani wake alikuwa kijana msafi, mwenye haraka. Alisoma kipande, akakunja uso.

“Hapa imeandikwa Uganda.”

“Ndiyo.”

“Wa Uganda hatuandiki, mama. Tunajaa hata wa kwetu hawaenei.” Akashusha sauti. “Lakini karani wa kule Kitale alikuwa na makosa mengi. Sema alizaliwa Chwele, niandike Chwele, uende ukapande. Nani atauliza?”

Nilitaka kusema. Sitaficha, neno lilikuwa limefika mdomoni, na mwanangu mdogo alikuwa mgongoni akinikoholea shingoni. Kilichonizuia si utakatifu. Nilimfikiria mume wangu alivyochekwa njia nzima ile, na hakugeuza neno lake. Nikaona kwamba nikisema uongo sasa, nitakuwa nimejiunga nao.

“Alizaliwa ng'ambo,” nikasema. “Lakini baba yake amezikwa hapa.”

Karani alipumua kama mtu aliyebebeshwa mzigo, akaingia ndani. Chifu mwenyewe alitoka na kikombe cha chai mkononi. Hakuwa mkali.

“Wenye ardhi ni akina nani?”

Nikamwambia.

“Wakikubali mbele ya watu, nitakuandika. Wakikataa, mama, njia ya Lwakhakha unaijua.”

Nilirudi nikamwambia kukhu neno kwa neno. Alimtuma binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, aende nyumba hadi nyumba kusema kesho asubuhi kuna kunyoa.

Wakaja. Nilidhani watakuja wachache, lakini kunyoa ni kunyoa, na watu walitaka kuona kichwa gani kitanyolewa. Walikaa uani kwenye vigoda na magogo. Mwana mkubwa wa kukhu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye boma sasa, alikaa karibu na ghala na hakunisalimu. Huyu alikuwa amekua na mume wangu, walichunga pamoja. Yeye pia alikuwa amerudi kutoka Kitale mwaka uliotangulia, na sehemu ile ya baba mkwe wangu, ambayo bado ilikuwa vichaka, alikuwa ameanza kuifyeka upande mmoja kwa ajili ya mwanawe.

“Mayi,” alimwambia mama yake, “huyu ameshanyolewa. Mtu hanyolewi mara mbili kwa kifo kimoja.”

“Alinyolewa na nani wa kwetu?”

“Hata hivyo. Nywele ziko wapi?”

Watu wakacheka. Kukhu aliinuka, akanivuta hadi katikati, akaniinamisha kichwa kama mbuzi wa mnadani, akapitisha kiganja chake kinyume cha nywele.

“Njoo uguse.”

“Sigusi kichwa cha mjane mimi.”

“Basi niamini. Zinachoma kiganja. Wiki tatu hizi. Nywele za wiki tatu ni nywele.”

Mzee mmoja akauliza kama kuna urefu unaotakiwa. Mwingine akasema yeye mama yake alinyolewa akiwa na upara, na hakuna aliyedai kikao kiahirishwe mpaka nywele ziote. Hapo walicheka kweli, hata mimi niliyeinamishwa. Lakini mwana wa kukhu hakucheka. Alisimama, na maneno aliyosema sikuyasahau, kwa sababu hayakuwa ya mtu mbaya.

“Mnacheka. Mimi simchukii shemeji. Marehemu alikuwa ndugu yangu, tulilala ngozi moja. Lakini tazameni barabarani. Kila mwezi wanaletwa wengine. Wazungu walituchukua walipotutaka, sasa wanatumwaga kama maji ya kuoshea vyombo, na pa kumwagia ni hapahapa, hapakuongezeka hata hatua moja. Tukimpokea kila aliyefukuzwa, na hata aliyetoka Uganda, watoto wetu watalima wapi? Juu ya paa?”

Nilijua amesema wanalowaza wengi. Mimi mwenyewe ningekuwa mahali pake ningewaza hivyo.

Kukhu alikuwa ameshalowesha wembe. Alianza kuninyoa huku akisema, wala hakuinua sauti.

“Wewe ulipokuwa Kitale nilishika plau na dada yako. Mnajua. Mwaka ule wa nyani tulikula viazi vya porini. Shamba lilikuwa kubwa, kubwa mno, na halikunipa kitu, kwa sababu halikuwa na watu. Baba wa huyu marehemu ndiye aliyekuja na mkewe kunipalilia, naye mumenya. Alipokufa nilipika chakula cha wazikaji kwa mikono hii. Amelala pale, nyuma ya zizi. Mtu ukishamzika kwako, unamwambia nani arudi kwao?” Akafuta wembe kwenye jani. “Mnaogopa midomo. Na kila mdomo una mikono miwili.”

“Mikono inataka udongo, mayi.”

“Ndiyo. Na huyu amesema alipanda kwa kamba huko. Nimemuuliza usiku, nikamwelewa nusu. Anasema kwenye sehemu ndogo anapata kuliko sisi tunaotupatupa mbegu kama tunalisha kuku. Mwache apande sehemu ya mkwewe, ile isiyofyekwa. Uliyofyeka ni yako. Mavuno yakiwa mabaya, mtanidharau mimi.”

Alimaliza kichwa changu, akawanyoa watoto, mdogo akilia. Halafu wazee wakaketi kama desturi inavyotaka, wakazungumza mpaka jua likawa juu. Waliniuliza kama niko tayari kulima nusu ya ile sehemu na kuiacha nusu aliyoifyeka mwenye boma. Nikakubali. Waliuliza kama mume wangu alizaliwa ng'ambo. Nikasema ndiyo. Mzee mmoja alisema, “Angalau huyu hatatusumbua kwa uongo,” na kwa neno hilo dogo wakaafikiana. Alasiri mmoja wao alinisindikiza kwa karani, ambaye aliandika jina langu, langu mwenyewe, katika kitabu. Ilikuwa mara ya kwanza jina langu kuandikwa mahali na serikali. Nilisoma herufi zote kabla sijaondoka.

Siku tatu tulifyeka, mimi na binti yangu, tukachoma, tukachimbua mizizi. Siku ya nne, alfajiri, nilitandaza kamba. Ilikuwa ndefu kuliko shamba. Nilifunga ncha moja kwenye kijiti, binti yangu akashika nyingine, lakini alikuwa mwepesi, kila nilipovuta ili inyooke alikuja nayo. Mstari wa kwanza ulipinda kama njia ya mbuzi. Nilikaa kitako kwenye udongo. Nilikuwa nimeishika ile kamba maisha yangu yote ya ndoa, lakini daima upande mmoja tu, na upande wa pili alikuwako mtu.

Mwana wa kukhu alikuwa akipita kwenda kwenye sehemu yake na jembe begani. Alisimama mpakani, akatazama mstari ule uliopinda, akatazama mafundo.

“Marehemu ndiye aliyeisokota?” akauliza.

“Ndiye.”

Aliweka jembe chini. Alimpokea binti yangu ile ncha, akarudi nyuma hatua mbili, akaivuta mpaka ikakaza na kutoa sauti. Nikachimba shimo kwenye fundo la kwanza, nikatia mbegu mbili, nikafukia kwa mguu, nikaenda kwenye fundo la pili.